Amri Haitembei Yenyewe

(Hotuba niliyoitoa kwa washiriki wa warsha ya uandishi wa riwaya za taharuki za kisiasa. Nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza.)

Ndugu waandishi, ndugu wahariri, na ninyi wasomaji mliojitolea kuketi nasi tangu asubuhi, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Jana jioni kijana mmoja miongoni mwenu alinifuata na mswada wake mkononi. Mhariri alikuwa amemrudishia sura ya tisa, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja tu: “Haiaminiki.” Kijana ameumia. Akaniambia, “Mwalimu, lakini jambo hili lilitokea kweli. Nimelitoa kwenye historia.” Nikamwomba asubiri nimjibu leo mbele ya wenzake, kwa sababu lalamiko hilo nimelisikia miaka yote niliyohariri vitabu, na mimi mwenyewe nililitoa nilipokuwa na umri kama wake. Nilikasirika kama yeye. Na mhariri wangu alikuwa na haki, kama wa kwake alivyo na haki.

Tuanze na jambo lililotokea kweli. Tarehe 25 Novemba 1981, kundi la wanaume lilishuka kwenye ndege huko Shelisheli. Walijitambulisha kuwa ni wanachama wa klabu ya wanywaji bia waliokuja kupumzika. Mabegi yao yalikuwa na midoli ya watoto, na chini ya midoli, kwenye kitako cha siri, bunduki. Walikuwa mamluki. Kiongozi wao alikuwa Mike Hoare, na walikuja kumpindua Rais France-Albert René. Wengi wao walipita forodhani salama. Kisha ofisa wa forodha akafungua begi la mmoja wao, akakuta bunduki. Mapigano yakaanza palepale uwanjani, na mapinduzi yakafia palepale uwanjani. Sehemu kubwa ya kundi ikatoroka kwa kuteka ndege ya abiria ya Air India iliyokuwa imetua, wakapelekwa Durban.

Sasa jifanyeni hamjawahi kusikia habari hizi, mkazikuta kwenye mswada. Askari wazoefu wajifanye walevi? Wapitishe silaha forodhani chini ya midoli? Halafu, wakiwa wamekwama, ndege ya nchi nyingine itue kuwaokoa? Mngeufunga mswada huo. Mngesema mwandishi amechoka kufikiri.

Tofauti iko hapa. Anayesimulia historia ana shahidi nje ya kitabu: lipo gazeti la siku ile, ipo kesi mahakamani, yapo makaburi. Ukimbishia, atakuonyesha. Mwandishi wa riwaya hana shahidi wa nje. Shahidi wake ni ukurasa uliotangulia. Ukisema “ilitokea kweli,” unamwita shahidi asiyekuwemo kitabuni, na msomaji hana wajibu wa kumngoja.

Je, kisa cha Shelisheli hakifai riwaya? Kinafaa sana. Ila ningekianzia kwa yule ofisa wa forodha. Mtu anayefungua mabegi kutwa nzima, mkono wake unajua uzito wa midoli. Ningempa kurasa tatu kabla ndege haijatua. Msomaji amwone akipima mabegi kwa mkono, akikosea mara moja na kumwomba radhi abiria mzee, akichoka, akitaka kwenda nyumbani. Kwa hiyo begi lile linapofika mbele yake na mkono wake unasita, hakuna hata mmoja wenu ambaye angeandika “Haiaminiki.” Tukio ni lilelile. Nililoongeza ni mkono wa mtu.

Na hilo ndilo jambo moja ninalotaka kulisema leo. Msomaji hakatai tukio kubwa. Mwambie rais ameuawa, mwambie bunge limetekwa, mwambie waziri ni jasusi wa nchi jirani, atakufuata. Anachokikataa ni tukio kubwa lililotokea bila mikono ya watu.

Katika miswada ninayoletewa, sentensi ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni hii: Rais anageuza kiti, anatazama dirishani, anasema, “Mmalizeni.” Aya inayofuata, mtu amekufa. Mimi huandika pembeni: nani alisikia? Aliyesikia alimpigia nani, na kwa simu gani? Gari lilitolewa kwa hati ya nani, dereva aliambiwa safari ni ya kwenda wapi? Mlinzi wa getini aliandika nini kwenye daftari lake la zamu? Mwandishi akiniambia maswali hayo ni ya kikarani, namjibu kwamba riwaya yake yote iko humo, nayo ameiruka. Amri haitembei yenyewe. Inapita kwa watu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ana sababu ya kuipeleka mbele au kuichelewesha. Mmoja anaogopa kufukuzwa kazi, mwingine anataka cheo. Yupo asiyejua kabisa amebeba nini. Na yupo mmoja, mara nyingi wa cheo kidogo, anayesita.

Chukueni tarehe 20 Julai 1944. Kanali Claus von Stauffenberg anaingia kwenye kikao cha Hitler akiwa na bomu ndani ya mkoba. Vita vimemchukua jicho moja, mkono wa kulia, na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikuwa na vifurushi viwili vya baruti, lakini alikatizwa wakati anatega kwa vile vidole vitatu alivyobakiwa navyo, akafanikiwa kutega kimoja tu. Anauweka mkoba chini ya meza, anatoka kwa kisingizio cha simu. Nyuma yake ofisa mwingine anausogeza mkoba upande wa pili wa mguu mnene wa meza. Bomu linalipuka, watu 4 wanakufa kwa majeraha yao, Hitler anapona.

Wanafunzi wangu wengi wakipewa kisa hiki huishia kwenye bomu, kwa kuwa bomu ndilo lenye kelele. Mimi nawaomba mwende Berlin alasiri ileile. Huko wapo waliokula njama wakingoja, na saa zinapotea. Yupo Meja Otto Ernst Remer, kamanda wa kikosi cha ulinzi cha jiji. Yeye hayumo kwenye njama. Anaambiwa Hitler amekufa, anaamriwa kuzingira majengo ya serikali, naye anatii, anazingira. Anafika kwa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler. Goebbels anainua simu, anaomba kuunganishwa, anampa Remer mkono wa simu. Upande wa pili anazungumza Hitler. Remer anaitambua sauti. Mapinduzi yamekwisha, kwa sababu simu moja haikukatwa na meja mmoja ameisikia sauti aliyoambiwa ni ya maiti. Usiku ule Stauffenberg alipigwa risasi uani.

Mtazameni Remer vizuri. Mchana alikuwa anatii, na jioni alikuwa anatii. Hakubadilika tabia hata kidogo. Kilichobadilika ni amri iliyofika sikioni mwake. Mwandishi akimwelewa mtu wa namna hiyo, hana haja ya shujaa mwenye bastola mbili. Na mkitaka kujua kwa nini waliopanga njama walishindwa kuikata simu ile, mna sura nzima ya kuandika, tena ya kusisimua kuliko mlipuko.

Sasa nitakaa kidogo kwenye kisa kingine, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kazi hii kuliko vitabu vyote vya nadharia. Mwaka 1943, majasusi wa Uingereza walitaka Wajerumani waamini kwamba majeshi ya Washirika yangetua Ugiriki na Sardinia, ilhali lengo lilikuwa Sicily. Ewen Montagu na Charles Cholmondeley wakapewa kazi hiyo. Wakachukua maiti ya mtu maskini aliyeitwa Glyndwr Michael, wakaivisha sare, wakaipa jina la Meja William Martin, wakaifungia mkoba wa barua za siri, kisha nyambizi ikaiacha baharini karibu na Huelva, Hispania. Walijua kwamba huko wapo maofisa ambao wangewaonyesha Wajerumani.

Barua zile ndizo zilizokuwa uongo mkubwa. Lakini nani ataamini barua zilizokutwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuishi? Basi watu wale walikaa wiki kadhaa wakimtungia meja wao maisha. Wakampa mchumba, Pam, na picha yake. Wakamwekea barua mbili za mapenzi, ankara ya pete ya uchumba, na barua ya benki inayomkumbusha kwamba ametoa fedha nyingi kuliko alizo nazo kwenye akaunti. Wakatia mfukoni funguo, kipande cha penseli, vipande vya tiketi za ukumbi wa maonyesho. Halafu wakafanya jambo ambalo kila nikilikumbuka nasimama. Kitambulisho chake kilikuwa kipya mno. Kipya sana, kama kimetengenezwa jana, na kweli kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Wangeweza kukichakaza. Badala yake wakaandika juu yake kwamba kimetolewa badala ya kingine kilichopotea. Na kibali chake kingine cha kuingilia ofisini wakakiacha kikiwa kimepitwa na muda.

Mnaona walichofanya? Wamemfanya mzembe. Ofisa kijana mwenye mapenzi, mwenye deni benki, anayepoteza kitambulisho na kusahau kuhuisha kibali. Aliyemwona hakujiuliza tena kama ni mtu; alijiuliza tu ni mtu wa namna gani. Wajerumani waliamini. Majeshi yalipotua Sicily mwezi Julai, sehemu ya nguvu yao ilikuwa inalinda mahali pengine.

Majasusi katika miswada yenu hawapotezi kitu. Wanazungumza lugha saba, hawadaiwi, hawaumwi meno, na nyaraka zao ni safi. Ndiyo maana sote tunawashuku. Ukitaka nimwamini jasusi wako, nionyeshe anachodaiwa.

Nitawaeleza kosa langu. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na barua ya siri. Waziri anaiandika usiku, anaitia kwenye bahasha, asubuhi mpelelezi wangu anaichomoa kwenye jalada. Nilijivunia sana ukurasa ule. Kabla ya kuchapwa, niliupeleka mswada kwa mama mmoja mstaafu aliyefanya kazi masijala maisha yake yote. Aliusoma siku mbili. Aliponirudishia, kwenye ukurasa ule alikuwa amechora alama ndogo ya penseli tu, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, folio namba ngapi?”

Sikumwelewa. Akanieleza. Barua haiingii kwenye jalada hivihivi. Inapokelewa, inaandikwa kwenye rejesta, inapewa namba ya folio, yaani namba ya ukurasa wake ndani ya jalada, na karani anaiandika namba hiyo pembeni, juu. Jalada la siri halikai kabatini na mengine, na anayelichukua anasaini. Kwa hiyo mpelelezi wangu asingeichomoa barua bila kuacha pengo: folio ya 41, kisha folio ya 43. Akasema, “Na mwizi mwenye akili hatachomoa. Ataweka karatasi nyingine, aipe namba ileile. Lakini mwandiko, mwanangu! Kila karani ana saba yake.”

Nilirudi nyumbani nikaivunja sura nzima. Katika toleo lililochapwa, hakuna anayechomoa kitu. Mpelelezi anafungua jalada, anakuta folio zote zipo, anakaribia kulifunga, kisha anaona kwamba namba 7 kwenye folio moja ina kistari katikati na saba nyingine zote hazina. Wasomaji wameniandikia kuhusu kistari kile kuliko kuhusu mauaji yote yaliyomo. Yule mama hakutaka jina lake litajwe kwenye shukrani, kwa hiyo namshukuru hapa bila kulitaja.

Tafuteni watu wa namna yake. Msiwaulize siri, hawatawaambia, na hawapaswi kuwaambia. Waulizeni kazi inavyokwenda siku ya kawaida. Nani anafika wa kwanza, nani ana ufunguo wa pili, karatasi ikikosewa inafanywa nini. Mtu akiulizwa kuhusu kazi yake kwa heshima hufunguka, na atakupa kitu ambacho usingekibuni hata kwa mwaka mzima.

Kuna swali mtu aliliandika kwenye karatasi asubuhi: je, mhusika mwenye cheo kikubwa anaruhusiwa kukosea sheria? Anaruhusiwa, tena ni jambo tamu. Tarehe 30 Machi 1981, Rais Ronald Reagan alipopigwa risasi, Waziri wa Mambo ya Nje Alexander Haig alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema yeye ndiye anayesimamia mambo Ikulu kwa wakati ule, na akaeleza mpangilio wa urithi wa madaraka kwa kukosea. Baada ya Makamu wa Rais, sheria inamtaja Spika wa Baraza la Wawakilishi, kisha rais wa muda wa Seneti, ndipo Waziri wa Mambo ya Nje. Ukiliandika hilo bila tahadhari, msomaji atadhani wewe ndiye hukusoma sheria. Basi mweke mtu chumbani anayejua. Si lazima aseme. Ainue tu macho kutoka kwenye daftari lake. Kosa likionwa na mhusika mwingine ni la mhusika. Lisipoonwa na yeyote, ni lako.

Kuhusu sadifa sitasema mengi. Sarajevo, 28 Juni 1914, gari la Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, lilikata kona isiyo yake, likasimama karibu na Gavrilo Princip, kijana aliyetaka kumuua. Ilitokea, na dunia ikaungua. Katika riwaya, sadifa kama hiyo ikubali mwanzoni, impeleke mhusika kwenye shida. Ikija mwishoni kumtoa shidani, msomaji ataona umeishiwa.

Nirudi kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni njama kubwa isiyo na mwisho. Mmeiona: kundi la siri linalomiliki polisi, mahakama, benki, magazeti, hospitali, watu elfu mbili wanaijua siri na hakuna hata mmoja aliyemwambia mkewe. Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Siri haikai kwa watu elfu mbili. Mmoja atalewa, mwingine atanyimwa cheo. Mwingine atapata mtoto na ghafla ataanza kuogopa dunia atakayomwachia.

Na siri nyingi hazivunjwi hata na msaliti. Usiku wa kuamkia 17 Juni 1972, mlinzi wa jengo la Watergate, Frank Wills, alikuta kipande cha utepe kimebandikwa kwenye kitasa cha mlango ili usijifunge. Akakitoa, akaendelea na zamu yake. Aliporudi akakuta kimebandikwa tena. Akapiga simu polisi, wakakamatwa watu 5 waliovunja ofisi za chama cha upinzani humo, na Agosti 1974, baada ya kubainika jinsi Ikulu ilivyojaribu kulificha jambo hilo, Rais Richard Nixon wa Marekani akajiuzulu. Fikirieni kile kipande cha pili. Cha kwanza mlinzi alikipuuza. Laiti wangekuwa na subira! Wenye nguvu zile zote, wakamsahau mtu mmoja wa zamu ya usiku, kwa sababu katika hesabu zao hakuwa mtu.

Nasema linaniuma kwa sababu wasomaji wetu hawasomi riwaya hizi kwa kujiburudisha tu. Wanajifunzia humo madaraka yanavyofanya kazi. Ukimwonyesha msomaji mtawala asiyekosea, mwenye macho kila ukuta, umemdanganya, tena umemdanganya kwa namna ambayo mtawala angependa adanganywe. Waliomtenga Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, huko Crimea Agosti 1991 ili kumpindua walikuwa na jeshi, polisi wa siri na televisheni. Walipokaa mbele ya waandishi wa habari, kamera ikaonyesha mikono ya Gennady Yanayev, makamu wake aliyejitwalia urais, ikitetemeka. Siku chache tu, wakawa wamekwisha. Wakati huohuo, kwenye nyumba waliyomfungia Gorbachev na kukata simu zote, yeye na watu wake walikuwa wanasikiliza habari za dunia kwa redio ndogo. Simu walizikumbuka, redio hawakuikumbuka. Niandikieni mikono ile. Niandikieni mtu anayehangaika na redio ndogo usiku akitafuta stesheni, na mlinzi nje ya mlango anayesikia mkwaruzo ule na bado hajaamua kama ameusikia.

Muda wangu unakaribia kwisha, na niliahidi kwamba tutafanya kazi, si kunisikiliza tu. Kila mmoja afungue mswada wake, atafute ukurasa ambapo mkubwa anatoa amri. Weka kidole kwenye neno la mwisho la amri hiyo. Sasa tafuta mahali ambapo matokeo yake yanaonekana, uweke kidole kingine. Katikati ya vidole viwili, andika majina ya wote ambao amri imepita mikononi mwao, hata dereva, hata anayeleta chai. Kwa yule ambaye hana jina, mpe jina. Mna dakika 20.

Na wewe kijana wa sura ya tisa, uliyekaa karibu na dirisha, lete kiti hapa mbele. Tutaanza na ya kwako.